Pete Haipimi Mionzi

Mimi si mtu wa kukaa. Nimeishi Ngokolo, nimeishi Kambarage, mitaa ya Shinyanga mjini, nimeuza maandazi, nimepalilia pamba ya watu, na nimeosha mchanga wa dhahabu kwenye machimbo ya Geita ambayo leo hata jina hayana tena, yamebaki mashimo na mabati yaliyokunjamana. Shule niliiacha nikiwa darasa la sita, kwa miguu yangu mwenyewe, na sitaki mtu anisikitikie. Walionisikitikia walinipa ushauri. Walionijibu maswali ndio walionisaidia.

Kuuliza ndiyo tabia yangu, na imeshanifukuzisha kazi. Wakati mmoja nilipata kibarua cha kufagia kwenye kiwanda cha kuchenjua dhahabu. Palikuwa na bomba nene la kupitisha tope la mawe yaliyosagwa, na ubavuni mwa bomba hilo kisanduku cha chuma chenye kibao cha njano. Kwenye kibao walichora mapanga matatu meusi, kama pangaboi lililosimama. Tuliambiwa tusikae hapo. Kila mtu alitii na kupita. Mimi nilitii, lakini nikamfuata bwana wa usalama.

"Humo ndani kuna nini?"

"Fagio lako liko wapi?"

"Hili hapa."

"Basi fagia."

Kesho yake nikamuuliza tena. Akavua kofia yake ngumu, akajikuna kichwa. "Mama, ukiambiwa pale kuna nyoka, unataka kwanza umjue ukoo wake?"

"Ndiyo. Wengine hawana sumu."

Alicheka, na mtu akishacheka hawezi tena kukunyima. Akaniambia humo mna punje ya seziamu, na kwamba seziamu hiyo ni majivu ya urani. Inatoa mionzi inayopenya bomba hadi upande wa pili. Tope likiwa zito, mionzi michache inapita. Likiwa jepesi, inapita mingi. Hivyo wanajua uzito wa tope bila kufungua bomba. Nikamuuliza majivu ya urani maana yake nini, urani inachomwa wapi, na mbona makaa yakiungua yanaacha majivu baridi lakini haya yameendelea kuwa makali. Tukaenda hivyo siku nyingi, mpaka msimamizi akaniambia kibarua changu kimekwisha kwa sababu nafagia kwa mdomo. Sawa. Nilikuwa nimeshabeba nilichokitaka.

Nilichokibeba ni hiki, na nitakisema kwa maneno yangu, kwa sababu yale ya kitabuni sikupewa.

Sisi watu wa machimbo tunajua karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Ukiingiza mawe ukatoa unga, uzito unapaswa kuwa ule ule. Ukipungua, fundi wa karasha amekuibia, na hapo ugomvi unaanza. Sasa chukua kiini cha atomu ya urani. Ni kizito mno, kimejaa kupita kiasi, kinajishikilia kwa shida. Kikigongwa na neutroni moja tu, kinatetemeka, kinarefuka, kinakatika vipande viwili vinavyorukiana mbali kwa kasi ya kutisha. Ukivipima vile vipande, pamoja na neutroni zilizochomoka, uzito umepungua kidogo. Hakuna aliyeiba. Uzito uliopotea umegeuka nguvu. Na hicho kidogo si kidogo, maana hesabu yake unaizidisha kwa kasi ya mwanga, halafu unazidisha tena kwa kasi ya mwanga. Neutroni zilizochomoka zinagonga viini vingine, navyo vinapasuka, vinatoa nyingine. Ukiziacha hovyo, ni bomu. Ukizidhibiti, unachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo, taa zinawaka. Vile vipande ndiyo majivu, na seziamu ni mojawapo. Ni makali kwa sababu vipande hivyo bado havijatulia.

Hiyo ni njia ya kupasua. Kuna njia ya kuunganisha, na hiyo ndiyo ya jua. Aliyewahi kumwaga zebaki kwenye karai ameona matone mawili yanavyokimbiliana na kuwa tone moja. Kwenye jua, viini vya haidrojeni, vyepesi kuliko vyote, vinaungana hatua kwa hatua hadi kuwa heli. Tofauti ni kwamba vyenyewe havikimbiliani. Vinasukumana kama madume ya ng'ombe, mpaka joto na mgandamizo wa katikati ya jua uvilazimishe. Na hapo tena, kilichoungana ni chepesi kuliko vile vilivyoingia. Upungufu huo ndio liuba letu, jua hili linalotuchoma Kishapu na kukausha malambo.

Nilipokuwa nayasema haya kwenye vijiwe vya kahawa, watu walinitania. Waliniita Injinia wa Maandazi. Niliitika.

Kisha dada yangu akaugua.

Dada ameolewa karibu na Mhunze, huko Kishapu, kwenye boma lenye ng'ombe, uzio wa minyaa na ardhi nyeusi inayopasuka kiangazi. Alikuwa anatoka damu wakati ambao hakutakiwa tena kutoka damu, na alinyamaza kama wanawake wanavyonyamaza. Alipokubali kupimwa, walikuta saratani ya mlango wa kizazi. Hospitali kubwa ya Mwanza wakasema muda wa kumpasua umeshapita, tiba ni mionzi, na kwamba ikianza mapema ina nafasi nzuri. Nilikuwa Geita. Nikafunga kitenge kiunoni nikaenda.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anachambua choroko, kama hakuna kitu.

"Utakwenda lini?" nikamuuliza baada ya salamu.

"Muulize shemeji yako."

Shemeji ni mwanamume mrefu, mkimya, ambaye ujana wake wote aliuacha machimboni. Alikuwa fundi wa kuchoma zebaki. Unakamata dhahabu kwa zebaki, unapata donge, unalichoma, zebaki inapaa moshi na dhahabu inabaki. Alifanya hivyo miaka mingi kwenye vyumba vilivyofungwa ili moshi usiwaite wezi. Leo vidole vyake vinatetemeka hata akishika kijiko. Kwa hiyo akisema kuhusu sumu isiyoonekana, si mjinga anayesema.

"Simkatazi," alisema. "Aende. Ila akirudi, atakaa kwenye kile kijumba nyuma ya zizi. Sahani yake, kikombe chake. Nguo za huko tutazichoma. Na mjukuu wetu asimshike."

"Mpaka lini?"

"Mpaka umtoke."

"Nini kimtoke, shemeji?"

"Huo moto wa nyuklia. Shemeji, mimi nimeona. Mwenzangu alikuwa anachoma zebaki na koti, anarudi nyumbani na koti, analitundika ukutani. Mtoto aliyelala chini ya lile koti ndiye aliyeugua. Yeye mwenyewe alikuwa mzima. Sumu ya namna hii haikai kwa aliyeishika, inakwenda kwa waliomzunguka."

Habari ya lile koti sikuipinga, kwa sababu ilikuwa kweli.

Dada akaweka ungo chini. "Basi siendi," akasema, kwa sauti ya mtu anayekataa chai. "Nikatibiwe ili nirudi nifugwe nyuma ya zizi kama mbuzi mwenye kichaa? Kufa nitafia kitandani kwangu, na mjukuu wangu mapajani."

Na alimaanisha. Namjua, tumenyonya ziwa moja. Pale ndipo nilipoona kwamba maisha ya dada yangu yamesimama juu ya kitu ambacho mimi nilifukuzwa kazi kwa kukiuliza.

Nikaomba sufuria. Nikaipaka mafuta ndani, nikadondosha matone ya maji. Shemeji alisogeza kigoda. Nikamwonyesha tone kubwa likitikiswa linavyokatika, na madogo yanavyoungana. Nikamweleza karasha la urani. Nikamweleza jua. Nikamwambia mashine ya hospitali ina kobalti, madini ya kawaida yaliyowekwa karibu na urani inayopasuka, yakameza neutroni yakawa makali. Kobalti inakaa ndani ya chuma kinene, haitoki. Kinachotoka ni mionzi, na mionzi hiyo ni aina ya mwanga, ila mkali, unaopenya nyama na kuua uvimbe. Zebaki ni kitu. Kinapaa, kinatua, kinalala kwenye koti. Mwanga haulali kwenye koti. Ukizima tochi, ukuta haubaki unawaka.

"Na hiyo kobalti ikimwagika?"

"Ikimwagika, hapo una haki ya kukimbia, na mimi nitakimbia mbele yako. Ndiyo maana imefungiwa."

Aliitikisa sufuria mwenyewe. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza kijiweni.

"Umesema kupasua kunatoa moto."

"Ndiyo."

"Na kuunganisha kunatoa moto."

"Ndiyo."

"Basi nitapasua, nipate moto. Halafu vile vipande niviunganishe, nipate moto tena. Nivipasue tena. Moto wa bure mpaka kiama. Umewahi kuona kitu cha bure, shemeji?"

Sikujua.

"Umekwama," akasema, bila kunicheka. "Mtu aliyekwama kwenye tope hawezi kuniambia niingie."

Kisha akatoa njia yake. Alikuwa na pete, aliyotengenezewa kutokana na dhahabu yake ya kwanza. Machimboni kila mtu anajua kwamba dhahabu ndiyo inayofichua zebaki. Chumba kilichochomewa zebaki, ukikaa humo na hereni, inapauka na kuwa nyeupe kama bati. Wapangaji wanakataa chumba kwa sababu ya hereni. Kwa hiyo dada aende na pete hiyo, aifunge kwenye pindo la khanga, aingie nayo kwenye mionzi. Ikirudi ya njano, ataingia nyumbani kwake. Ikirudi nyeupe, nyuma ya zizi.

"Pete haipimi mionzi," nikamwambia. "Inapima zebaki tu. Hata akimezwa na jua lenyewe, hiyo pete itabaki ya njano mpaka iyeyuke."

"Basi unaogopa nini?"

Dada aliichukua. "Acha, mdogo wangu. Kama pete ndiyo itakayonirudisha ndani, nitabeba hata sufuria."

Mimi nilikataa, na sikukubali hata tulipokuwa njiani. Sikutaka dada yangu arudishwe nyumbani kwake na uongo, hata uongo unaotupendelea. Anayekupokea kwa sababu ya pete, atakufukuza kwa sababu ya pete. Siku shemeji atakapokaa karibu na mtu mwenye zebaki, pete ikapauka, itakuwaje? Nilimwambia hivyo. Akasema nina kichwa cha punda, akalala begani kwangu mpaka Mwanza.

Mwanza tulikaa majuma kadhaa. Siku ya kwanza alipewa gauni la hospitali, akaambiwa aache nje nguo zote. Khanga yenye pete ikabaki mapajani kwangu, nikiwa nimekaa kwenye benchi. Ilibaki mapajani kwangu siku zote. Mlango mzito ulifungwa, taa nyekundu ikawaka, ikazimika, dada akatoka akiuliza kama chai imefika. Mwanzoni alitoka hivyo. Baadaye alichoka, akaharisha, ngozi ya kiunoni ikawa nyeusi, na kulikuwa na asubuhi alizosema tiba hii na ugonjwa huu ni ndugu. Nilimwogesha. Nilikula makombo yake. Nilifanya makusudi, mbele ya wodi nzima, ili kila mtu aone.

Alikuwepo kijana mtaalamu wa fizikia aliyekuwa anapima mashine kabla wagonjwa hawajaanza. Nilimvizia mlangoni.

"Samahani, mwanangu. Kama kupasua kunatoa moto na kuunganisha kunatoa moto, kwa nini mtu asipasue na kuunganisha kile kile bila mwisho?"

Alisimama na kikombe chake. "Nani kakuuliza hilo?"

"Shemeji yangu. Anachunga ng'ombe."

"Chuma," akasema. "Mwambie chuma ndicho katikati." Akanichorea kwa kidole ukutani bonde. Atomu nyepesi ziko juu ya mlima mmoja, nzito ziko juu ya mlima wa pili, chuma na jamaa zake wako bondeni. Nyepesi zikiungana zinateremka. Nzito zikipasuka zinateremka. Nguvu tunayoipata ni ya kuteremka. Lakini ukitaka kuunganisha vipande vya urani virudi kuwa urani, unapanda mlima, na utalipa kila ulichopata. "Hakuna cha bure," akasema. "Shemeji yako yuko sahihi."

Nilifurahi, na nilikasirika pia, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa upande wake.

Tuliporudi, daktari alikuwa ametuambia uvimbe umenywea sana, na dada atarudi kila baada ya muda kuangaliwa. Dada pia aliuliza mwenyewe, kwa kinywa chake, kama anaweza kubeba mtoto. Nesi akamwambia: "Mama, mbebe mpaka akuchoshe. Kwako hakuna mionzi iliyobaki."

Tulifika mchana. Shemeji alikuwa amesimama kwenye mwanya wa uzio. Nyuma ya zizi kile kijumba kilifagiwa, kitanda cha kamba kilitolewa nje kupigwa jua, na nikaona hata mtungi mpya wa maji. Aliandaa vizuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliandaa kwa upendo. Majirani wawili wanawake walikuwa wamesimama kisimani na ndoo ambazo hawakuzijaza.

"Mwadila," alisalimia kwa Kisukuma. Tukaitika. Akanyoosha mkono. "Pete."

Ilikuwa ya njano kama kiini cha yai. Dada angeitoa tu, na hadithi ingeishia hapo. Niliiangalia khanga, nikamwangalia yeye.

"Pete haikuingia," nikasema. "Nguo zote ziliachwa nje. Ilikaa kwangu, kwenye benchi. Hata ingeingia isingekuambia kitu. Nilikuambia kabla hatujaondoka, na nakuambia tena."

Dada alinigeukia kwa macho ambayo mtu huwa nayo kabla ya kupiga kofi. Kisha akashusha pumzi. Akafungua pindo, akamwekea shemeji pete kiganjani, naye akarudisha mkono haraka kama aliyeguswa na kaa la moto.

"Umesikia," dada akamwambia. "Sina ushahidi. Nina mwili wangu tu, na huu ndio uliotibiwa. Mimi naingia nyumbani kwangu. Anayeogopa ahamie nyuma ya zizi. Pameshafagiwa."

Akapita. Polepole, maana miguu haikuwa na nguvu, lakini akapita katikati ya ua, wala hakutazama kando. Mjukuu, katoto ka kike kalikokuwa kameanza kutembea, kalikuja mbio na kumkumbatia magoti. Akakanyanyua. Mmoja wa wale wanawake wa kisimani akajaza ndoo yake hatimaye.

Na shemeji akahama. Alichukua kigoda chake, redio yake na blanketi, akaenda nyuma ya zizi kwa heshima zote, kama mtu aliyehamishiwa kazi mkoa mwingine. Kijiji kilicheka mpaka kikachoka. Wazee wenzake walipita kumuuliza habari za ugenini. Yeye aliwajibu kwamba huku kuna hewa.

Sikumcheka. Nilimpelekea chakula, kwa sababu hakutaka kiletwe na dada, na siku ya kwanza niliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa nikamwambia habari za chuma. Nilichora ile milima miwili kwenye vumbi kwa kijiti.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," akasema.

"Kuhusu moto wa bure, ndiyo. Kuhusu mke wako, hapana."

Alitafuna. "Na jua likimaliza haidrojeni yake?"

"Litavimba, litazeeka. Sisi hatutakuwepo."

"Na linajuaje kuungana taratibu? Kwa nini lisilipuke lote siku moja, kama bomu?"

Nilimwambia ninachojua: kwamba likizidi joto linatanuka, likitanuka linapoa, muungano unapungua, linarudi. Linajizuia lenyewe kwa uzito wake. Akatikisa kichwa, akasema hicho ni kitu ambacho wanawake wa ukoo wetu hawakupewa.

Siku zilipita. Dada alianza kupika mwenyewe. Mtoto alilala mgongoni mwake, alikula kwenye sahani yake, aliamka mzima, akanenepa. Shemeji aliyaona haya yote kupitia fito za zizi. Nilimwona anavyotazama. Hakuwa anamtazama mtoto kama mtu anayesubiri augue. Alikuwa anatazama kama mtu aliyesahauliwa.

Alasiri moja wingu lilisimama upande wa mashariki, jeusi, na upepo ukaanza kuinua vumbi la mbuga. Tulikuwa tumeanika dengu uani ili wadudu watoke. Shemeji alitokea nyuma ya zizi na kigoda mkononi, akaja mpaka mlangoni. Akasimama. Paa la kile kijumba lilikuwa zima. Mimi mwenyewe nililikagua. Hakuwa amekimbia mvua.

"Hodi," akasema, kwenye nyumba yake mwenyewe.

Dada hakuinuka upesi. Alimalizia kumfunga mtoto mgongoni. Kisha akachota maji kwa kikombe alichokuwa amekinywea muda si mrefu, ukingo wake bado una maji, akamletea kwa mikono miwili kama mgeni anavyopewa.

"Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

Alikipokea. Vidole vilitetemeka, maji yakamwagika kidogo kwenye kifundo cha mkono wa dada, naye hakukwepesha mkono. Akanywa mpaka mwisho.

"Wabeja," akashukuru.

Matone ya kwanza yakaanza kupiga bati. Nikatoka mbio kwenda kuanua dengu.